Mtaa Kwanza, Hoteli Baadaye: Likizo ya Familia Shinyanga, Kahama na Geita

Familia nyingi zikipanga likizo huanza na swali la chumba: ni shilingi ngapi kwa usiku, kina kiyoyozi au feni, chai ya asubuhi imo kwenye bei au inalipiwa pembeni? Mtaa ambamo chumba hicho kimo huulizwa mwisho, na mara nyingi hauulizwi kabisa. Katika mji wa ufukweni kosa hilo si kubwa, maana hoteli nyingi za huko zilijengwa zikimtarajia mtu aliyekuja kupumzika. Shinyanga, Kahama na Geita ni habari nyingine. Hii ni miji iliyokuzwa na reli, pamba, almasi, dhahabu na malori, na gesti zake nyingi zilijengwa kwa ajili ya mtu asafiriye peke yake, afikaye jioni na kuondoka alfajiri. Mama, baba na watoto watatu wanaotaka kukaa siku kadhaa si mteja ambaye mjenzi alimfikiria. Ndiyo maana makala haya yanadai kwamba katika ukanda huu mtaa una uzito kuliko hoteli, na kwamba kipimo bora cha mtaa ni kumjua anayelala hapo usiku. Mtaa wenye familia, shule, zahanati, genge la mboga na nyumba ya ibada utawafaa wageni wenye watoto hata kama gesti yake ni ya kawaida. Mtaa wa wapita njia utawachosha hata kama hoteli yake ina ghorofa tano.

Kabla ya kulijadili hilo, ipo haja ya kujibu swali la wengi: likizo Geita au Shinyanga kuna nini? Kuna mengi, ila yametawanyika. Takribani kilomita 30 kutoka Shinyanga mjini, njia ya Mwanza, upo mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Humo ndimo ilimopatikana, mwaka 1947, almasi ya waridi aliyozawadiwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Upande wa Geita, ndani ya Ziwa Viktoria, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, yenye sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Na tangu mwaka 2019 ipo Hifadhi ya Burigi-Chato. Kisesa, kabla ya kufika Magu ukitokea Mwanza, ipo makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ambako ngoma za Bulabo huchezwa kila Juni, shule zikiwa zimefungwa au zikikaribia kufungwa. Na wapo wale ambao sababu yao ni moja tu, nayo inatosha: watoto waliozaliwa Dar es Salaam wakawaone babu na bibi, wale michembe na matobolwa, wasikie Kisukuma kikisemwa sokoni. Familia ya namna hii haihitaji hoteli ya kujifungia siku nzima. Inahitaji kituo: mahali pa kulala vizuri, kula mapema, kutoka asubuhi na kurudi jioni bila hofu. Na kituo ni suala la mtaa.

Tuanze na Shinyanga, maana historia ya mji huonekana kwenye ramani ya vitanda vyake. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Shinyanga ikawa miongoni mwa stesheni zake kubwa, mahali pa kukusanyia pamba na ng'ombe wa Usukuma. Mji uliokua kwa namna hiyo huwa na kiini kimoja: stesheni, maghala, soko, maduka ya jumla, na kando yake gesti za wafanyabiashara. Makazi ya familia yalijengwa kuzunguka kiini hicho. Mwadui inaonyesha mgawanyiko huo kwa uwazi zaidi. Ndani ya uzio wa mgodi kulijengwa mji kamili wa wafanyakazi na familia zao, wenye hospitali, shule na viwanja vya michezo. Nje ya lango ukakua mji mdogo wa Maganzo, wa wachimbaji wadogo, madalali na wanunuzi wa almasi. Sehemu mbili zinazopakana, zilizolishwa na ardhi ileile, zikawa na maisha mawili tofauti kabisa ya usiku. Anayepanga chumba kwa kutazama umbali tu kutoka mahali anapokwenda kutembea hawezi kuiona tofauti hiyo.

Kahama inathibitisha jambo hilohilo kwa njia ya barabara. Katika sensa ya mwaka 2022, Manispaa ya Kahama ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 450,000, wakati Manispaa ya Shinyanga, ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa, ilikuwa na zaidi kidogo ya 210,000. Mji wa wilaya ukawa zaidi ya mara mbili ya mji wa mkoa. Sababu zinajulikana: mgodi wa Bulyanhulu upande wa kaskazini-magharibi, mgodi wa Buzwagi, uliozalisha dhahabu tangu mwaka 2009 hadi ulipofikia mwisho mwaka 2021, mchele wa Kagongwa na mashine zake za kukoboa, bandari kavu ya Isaka, na barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Kila moja ya sababu hizo huleta mgeni, na mgeni huyo karibu kila mara ni mtu mzima aliye kazini. Dereva anataka maegesho na chakula usiku wa manane. Mnunuzi wa mpunga anataka kuwa karibu na mashine. Mwenye gesti amewajengea hao: vyumba vingi vidogo vya self, kitanda kimoja cha tano kwa sita, baa upande wa mbele na jiko lisilolala. Hakuna ubaya wowote katika biashara hiyo. Imejibu mahitaji yaliyokuwepo. Ubaya ni wa mzazi anayeweka watoto humo akidhani chumba ni chumba.

Geita imekua kwa kasi zaidi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa na watu wapatao milioni 1.7 katika sensa ya mwaka huo. Miaka 10 baadaye sensa ilihesabu karibu milioni 3. Mgodi mkubwa wa GGM, wa kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kuuzunguka wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na kwingineko. Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la dhahabu lililokuwa la kwanza la aina yake nchini, na fedha ambazo zamani zilibadilishana mikono vichochoroni zikaingia mjini mchana kweupe. Tangu mwaka 2018 mji huandaa pia maonesho ya teknolojia ya madini, kila mwaka, mwezi Septemba au Oktoba, ambayo hujaza vyumba na kupandisha bei. Mji wa namna hii hupanga siku yake kufuatana na dhahabu. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, likitoa dhahabu, baa hujaa. Mvua ikijaza maji mashimoni, mtaa hupoa. Mwenye familia hawezi kujua duara lipi litatoa wiki atakayofika, lakini anaweza kujua kelele za kutoa zitasikika mtaa gani.

Kelele ndiyo hoja ya kwanza, na watu wengi huidharau mpaka usiku wa kwanza. Mtoto wa miaka minne asiyelala vizuri siku mbili mfululizo ataharibu safari ya kwenda Rubondo kuliko mvua. Sheria ipo: Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinaweka viwango tofauti kwa mchana na usiku, na kwa makazi na maeneo ya biashara. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limekwisha kufungia baa na kumbi zilizokiuka. Lakini zingatia jinsi sheria yenyewe ilivyopangwa: inaruhusu kelele zaidi palipo biashara na burudani kuliko palipo makazi. Kwa maneno mengine, sheria inakubali kwamba usiku hutofautiana kwa mtaa. Mgeni anayelala katikati ya biashara hana wa kumlaumu. Amekwenda kulala mahali ambapo sheria haikumwahidi utulivu. Tena usisahau kelele za halali ambazo hazizimwi: honi za mabasi ya alfajiri, mashine za kukoboa, karasha za kusaga mawe ya dhahabu, spika za msikiti na za mkesha wa kanisa. Hizo mbili za mwisho mkazi amezizoea na mtoto wa mjini pia. Karasha haizoeleki kwa siku tatu.

Hoja ya pili ni afya, na hapa ukanda wa dhahabu una mambo yake ambayo kijitabu cha utalii hakiyasemi. Lipo la malaria kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa takribani watoto 17 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Geita, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta takribani 16 mkoani Shinyanga, wastani wa nchi ukiwa 8. Mashimo yaliyotelekezwa na wachimbaji, mifereji iliyoziba na madimbwi ya masika yote huzalisha mbu, kwa hiyo mtaa wenye mifereji inayotiririka una maana kuliko chumba chenye televisheni. Halafu ipo zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu kwenye mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki, na mvuke wake huingia mapafuni. Ubongo wa mtoto unaokua ndio unaodhurika zaidi, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ikitambua hatari hiyo. Usiku mmoja karibu na mwalo hautamwangamiza mtu, lakini hakuna sababu ya kuchagua gesti ambayo jirani yake huchoma dhahabu uani au ambayo nyuma yake kuna mtambo wa kuchenjua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa sayanaidi. Na yapo maduara yenyewe. Agosti 2025 wachimbaji walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, na taifa zima likafuatilia uokoaji wao. Mahali ambapo watu wazima wenye uzoefu hufukiwa si mahali pa mtoto wa mjini kuchezea baada ya chai ya jioni.

Hoja ya tatu ni maji na barabara, mambo mawili yanayobadilika kwa majira. Shinyanga ilijulikana kwa ukame kwa vizazi vingi, mpaka mradi wa kuyavuta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulipofikisha maji Shinyanga na Kahama mwaka 2009. Mradi huo ulibadilisha maisha, ila bomba kufika mjini na bomba kutoa maji saa kumi na mbili asubuhi kwenye mtaa fulani ni mambo mawili. Geita imo katika mradi wa maji wa miji 28, na nako mtaa hadi mtaa hali hutofautiana. Gesti yenye simtanki kubwa na umeme wa akiba huvumilika mahali ambapo mgao ni wa siku mbili. Isiyo nayo haivumiliki ikiwa kuna mtoto mwenye nepi. Kuhusu barabara, likizo ndefu za shule ni mbili. Juni ni kiangazi: mtaa ulio kando ya barabara ya vumbi inayopitisha malori utawapa watoto kikohozi. Desemba ni mvua: udongo mweusi wa mbuga wa Usukuma hushika tairi na kiatu kwa nguvu moja, na nyumba nzuri iliyo mita 800 kutoka lami hugeuka kisiwa. Kwa hiyo mtaa unaofaa Juni unaweza usifae Desemba, na ushauri wa ndugu aliyekwenda mwezi wa saba haumfai anayekwenda Krismasi.

Tukivitumia vipimo hivyo Shinyanga mjini, picha hujitokeza yenyewe. Eneo la stesheni, soko kuu na maduka ya jumla linafaa kwa mtu wa usiku mmoja. Familia itafute kata zilizokaliwa na watumishi, walimu na wastaafu: Ngokolo, lilipo kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Shinyanga, Ndala, Lubaga, au Kizumbi, kilipo chuo cha ushirika, kwa wale wenye gari lao. Kambarage, wenye uwanja wa mpira unaobeba jina hilohilo, ni mzuri siku zote isipokuwa siku ya mechi kubwa, na hata hiyo kwa familia yenye vijana huenda ikawa ndiyo siku nzuri kuliko zote. Jambo moja limebadilika na wengi hawajalizingatia: hospitali ya rufaa ya mkoa sasa ipo Mwawaza, pembeni ya mji. Mzazi mwenye mtoto wa pumu au selimundu asidhani kwamba kulala katikati ya mji ni kulala karibu na hospitali. Aulize zahanati au kituo cha afya cha kata, na namna ya kufika Mwawaza usiku. Kwa ujumla Shinyanga ni rahisi kwa familia kuliko majirani zake, kwa sababu ni mji wa ofisi: watu hulala mapema, bajaji ni za kutosha, na kutoka kata moja hadi nyingine si mbali.

Kahama inahitaji umakini zaidi, kwa sababu biashara na makazi vimechanganyika. Kata za mjini kama Nyasubi, Nyihogo na Majengo zina nyumba za familia na zina kumbi za starehe, wakati mwingine ukuta kwa ukuta, kwa hiyo jina la kata peke yake halitoshi; lazima ushuke mpaka mtaa na hata kona. Kanuni mbili husaidia. Ya kwanza ni kuipa mgongo barabara kuu ya malori, angalau kwa mitaa kadhaa. Ya pili ni kuulizia shule ya msingi iliyo karibu, kwa kuwa penye watoto mia kadhaa asubuhi, majirani wenyewe hawakubali fujo usiku. Mwendakulima, upande wa Buzwagi, na Kagongwa, upande wa Isaka, zina gesti za bei nzuri, lakini asili ya gesti hizo ni mgodi, mpunga na malori. Familia inayopita Kahama kwenda Rwanda au Kigoma inaweza kulala huko usiku mmoja bila hasara. Inayokuja kukaa isogee ndani ya mji.

Geita, mgawanyiko uko wazi zaidi kuliko wageni wanavyodhani. Kalangalala ndiyo kata ya katikati, yenye soko, benki na pilikapilika zote za dhahabu. Ni rahisi kupata huduma na ni vigumu kupata usingizi. Maeneo yanayopakana na mgodi mkubwa, upande wa Mtakuja, yana historia ndefu ya malalamiko ya wakazi kuhusu milipuko na nyufa za nyumba, na hilo peke yake linatosha kumfanya mgeni aangalie kwingine. Nyankumbu, wenye sekondari ya wasichana na uwanja wa mpira, una sura ya makazi. Bombambili nao umetulia karibu mwaka mzima, isipokuwa majira ya maonesho ya madini, ambapo anayetaka utulivu ahirishe safari au alale kwingine. Katoro, mji wa biashara ulio njiani kuelekea Buseresere na upande wa Chato, ni mahali pazuri pa kununua na pa kula. Kulala humo na watoto ni uamuzi wa anayelazimika. Kwa wanaokwenda Rubondo, kulala Geita si lazima hata kidogo: boti huondokea upande wa Nkome na Muganza, na usiku mmoja Chato, mji mdogo wa kando ya ziwa, unaweza kuwapunguzia watoto saa nyingi za barabarani.

Sasa kuna wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza watasema: gesti ya nini, na ndugu wapo? Kwa Msukuma, mgeni kulala gesti wakati shangazi ana nyumba ni karibu na tusi. Hoja hii ina nguvu, na kwa familia ndogo inayokwenda kumsalimia bibi kijijini haina jibu. Lakini mijini nyumba za ndugu ni vyumba viwili vitatu, na wageni watano kwa siku sita ni gharama ya maji, mkaa na usingizi ambayo mwenyeji hataisema kwa adabu. Njia ya kati ipo, na ndiyo inayoipa nguvu hoja ya mtaa: lala gesti iliyo katika mtaa wa ndugu zako. Mtakula pamoja, watoto watacheza na binamu zao, shangazi atawasindikiza jioni, na kila mtu atalala kwake. Aliyelala hoteli ya mbali katikati ya mji ndiye anayewatukana ndugu, kwa sababu amejitenga. Aliyelala nyumba ya tatu kutoka kwao amewapunguzia mzigo bila kuwapunguzia heshima.

Wa pili watasema kwamba gesti za karibu na stendi zina faida: ni nafuu, ni rahisi kufikika, na usiku hakuna wasiwasi wa usafiri. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri saa 24, Oktoba 2023, hoja hii imepata uzito, maana basi la Dar es Salaam, baada ya takribani kilomita 1,000, linaweza kukushusha saa nane za usiku. Kweli, kubeba watoto waliolala na mabegi matatu kutafuta mtaa wa mbali saa hizo si busara. Jibu ni kupanga safari ili ufike mchana, kwa kuwa mabasi sasa yapo ya saa zote, au, ikishindikana, kulala karibu na stendi usiku huo mmoja na kuhama asubuhi. Kuhusu unafuu, piga hesabu nzima. Chumba cha stendi ni rahisi, lakini familia italipa vyumba viwili kwa sababu kila kimoja kina kitanda kimoja, na itakula hotelini kwa sababu hakuna pa kupikia. Mtaa wa makazi huwa na nyumba nzima au vyumba vyenye jiko, genge la nyanya na dagaa ng'ambo ya barabara, na mama lishe anayejua kupunguza pilipili kwa ajili ya mtoto. Nauli ya bajaji mara mbili kwa siku mara nyingi humezwa na akiba hiyo.

Wa tatu wataleta hoja ya usalama: katikati ya mji kuna taa, walinzi na polisi, na mtaa tulivu ni kichaka cha wezi. Hapa ni lazima kutofautisha utulivu na upweke. Nyumba mpya iliyosimama peke yake pembezoni, katikati ya viwanja visivyojengwa, ni pweke, na kweli haifai. Mtaa wenye familia si mpweke kamwe: una mwenyekiti wa mtaa anayejulikana, majirani wanaomtambua mgeni, maduka yanayofungwa saa nne, na bodaboda wa kijiweni wanaojua kila nyumba. Kwenye mji wa madini, ambako watu hupanda na kushuka kila wiki, macho ya majirani ni ulinzi ambao uzio wa umeme haufikii. Katikati ya mji, kwa upande wake, kuna taa na kuna fedha taslimu, pombe na watu wasiofahamiana. Mambo hayo matatu yakikutana usiku, taa hazisaidii sana.

Hoja ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: kwa nini usilale Mwanza na kwenda Geita na Shinyanga kwa siku? Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limefuta foleni ya kivuko, na Geita imekuwa safari ya asubuhi na jioni. Kwa familia ambayo lengo lake ni kuliona ziwa, Bujora na siku moja ya Geita, jibu ni ndiyo, ilale Mwanza. Lakini tazama kwamba kipimo cha mtaa hakikuondoka, kimehamia tu. Njia ya Geita na njia ya Shinyanga hukutana Usagara, kusini mwa jiji, kwa hiyo mwenye mipango hiyo alale upande wa Buhongwa au Nyegezi, asivuke jiji zima kila asubuhi kutoka upande wa Ilemela. Na anayekuja kwa ajili ya Mwadui, Kahama, Burigi-Chato au ndugu wa Kishapu hatafaidika na Mwanza. Atatumia likizo nzima akiwa ndani ya gari.

Kinachobaki ni namna ya kuujua mtaa kabla ya kufika, na hilo halihitaji zaidi ya simu moja nzuri. Usimwulize mwenye gesti kama ni tulivu, atasema ndiyo. Mwulize shule ya msingi iliyo karibu inaitwaje, baa iliyo karibu inafunga saa ngapi, maji yalitoka lini mara ya mwisho, lami iko umbali gani, na kama vyumba hukodishwa kwa saa. Anayekodisha kwa saa hafanyi biashara na familia, na wewe usifanye naye. Mwulize jirani yake ni nani: fundi cherehani, mwalimu, karasha au duka la kununulia dhahabu. Anayekwepa maswali hayo amekwisha kujibu. Halafu lipa usiku mmoja tu mapema, ufike mchana, uutembee mtaa kabla jua halijazama, na ukiona hakuna watoto wanaocheza nje, hamia mtaa mwingine kabla hamjafungua mabegi.

Miji ya madini imezoea kupokea wageni wanaotafuta mali, na itachukua muda kuzoea wanaotafuta mapumziko. Wenye gesti watajenga kwa ajili ya familia siku watakapoona familia zinalipa, na halmashauri zitalinda usiku wa makazi siku wakazi na wageni watakapoudai kwa sauti moja. Mpaka hapo, wajibu ni wa mzazi. Ukiwa na pesa ya hoteli nzuri katika mtaa mbaya na gesti ya kawaida katika mtaa mzuri, chagua gesti.